Gesi ya Chai, Mkaa wa Maharage

Gesi yangu ina tabia ya kuisha wageni wakishakaa. Haijawahi kuniishia Jumanne asubuhi nikiwa peke yangu na kikombe cha chai. Inasubiri wakwe wavue viatu, wapewe maji, waulizwe za huko watokako, ndipo moto wa bluu unaanza kunywea, unageuka wa njano, unarukaruka mara mbili tatu, kimya.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi na jikoni kulikuwa na pilau. Mchele umeshachemka, maji yanakaribia kukauka, imebaki kupalia tu. Mtungi ukanigomea hapo hapo. Nikamtuma mwanangu kwa mama wa mkaa, makopo mawili, mbio. Nikalivuta jiko la mkaa kutoka uvunguni mwa meza, nikalipepea kwa mfuniko wa ndoo, nikaipandisha sufuria, na makaa mengine nikayapanga juu ya mfuniko wake. Baada ya nusu saa mama mkwe akaonja, akanitazama, akasema, "Hili la mkaa hili. Gesi haiwezi kitu hiki." Sikumwambia kwamba robo tatu ya kazi ilifanywa na gesi. Mkwe akisifu, unapokea.

Naishi Mbagala, na nyumba yangu ina majiko mawili kama nyumba nyingi za mtaani kwetu. Gesi ni ya chai, mayai, kupasha kiporo na uji wa mtoto saa kumi na mbili asubuhi. Mkaa ni wa maharage, makande, kongoro, na pilau la wageni. Ukiwauliza majirani kwa nini, jibu ni moja: maharage yanakula gesi.

Kwa miaka mingi nimelionea aibu lile jiko la mkaa. Mimi ni mtoto wa ngonjera za mazingira. Shule ya msingi tulisimama mbele ya mgeni rasmi tukapaza sauti, "Kata mti, panda miti!", na niliamini kila neno. Nilipopata mshahara wa kwanza, kitu cha pili kununua baada ya godoro kilikuwa mtungi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili. Nilijiona nimetubu. Msitu umepona kwa upande wangu, waliobaki wajitetee wenyewe. Uhakika huo sinao tena, na aliyeanza kuutikisa ni jirani.

Jirani huyu ni mzaliwa wa Newala, na gesi ya mtungi huiita "gesi yetu". Kila bei ikipanda ananifuata ukutani: inachimbwa kwetu Mtwara, inaletwa na bomba mpaka hapa, halafu tunauziwa kama imetoka Ulaya! Hasira yake ina historia. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani wakisema gesi haitoki mpaka waone faida yake, na katika vurugu zile watu walipoteza maisha. Bomba likajengwa, kilomita 542 mpaka Dar es Salaam, likakamilika 2015. Kwa hiyo mtu wa kule akibeba mtungi jijini, anaona amebeba kitu cha nyumbani.

Kumbe sivyo. Gesi ya Mnazi Bay kule Mtwara, na ile ya Songo Songo kule Kilwa iliyogunduliwa mwaka 1974, karibu yote ni methani. Methani haikubali kugeuka kimiminika kwa kubanwa tu. Lazima ipoozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri. Kilichomo kwenye mtungi wa jikoni ni propani na butani, ambazo zikibanwa kidogo zinakuwa maji ndani ya chuma cha kawaida. Ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kinacheza. Hizo hupatikana kwenye visima vya aina nyingine, na kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ghafi. Sisi kiwanda hicho tulikuwa nacho, TIPER pale Kigamboni, tangu miaka ya 1960. Kiliacha kusafisha mafuta mwaka 1999, kikabaki matangi ya kuhifadhia. Basi kila kilo ya gesi ninayochemshia chai inakuja na meli. Ile ya Mtwara inaungua Kinyerezi na Ubungo kuzalisha umeme, inaungua viwandani, inaendesha bajaji na magari yanayopanga foleni ndefu kwenye vituo vya kujazia, na inafika kwa bomba kwenye nyumba chache, kama zile za Mikocheni na za Mtwara kwenyewe. Mtaani kwetu haijafika.

Siku nilipomweleza jirani yangu haya alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo hii ni ya nje kabisa?"

"Kabisa."

"Basi tumepigwa mara mbili," akasema, akaingia ndani.

Tangu hapo naiangalia bei ya mtungi kwa jicho jingine. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya petroli hapa ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili mafuta yashuke. Gesi nayo ilipanda. Watu wa mtaani kwetu waliokuwa wamehamia kwenye gesi wakarudi kwenye mkaa mmoja mmoja, kimyakimya, kama mtu anayerudi kwa mume aliyemsema vibaya hadharani. Wakakuta na mkaa umepanda. Nikamuuliza mama wa mkaa kulikoni, mbona miti haitoki Ukraine? Akanijibu bila kuinua uso, "Miti haitoki huko, mwanangu. Dizeli ya lori je?"

Hilo sikuwahi kulifikiria. Mkaa unaoungua Mbagala umeshakunywa dizeli njia nzima. Siku hizi unatoka mbali: Kilwa, Rufiji, Kilosa, Handeni. Nilipokuwa mdogo mkaa ulitoka Kisarawe, karibu kabisa, na hii misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliyo mlangoni mwa jiji imekatwa mno kwa sababu hiyo. Msitu ukirudi nyuma, lori linaufuata, na anayelipa mwendo huo ni mnunuzi wa kopo.

Ila nikitaka kuwa mkweli, kampeni ya serikali ya nishati safi ya kupikia, ya kututoa kwenye kuni na mkaa, naiunga mkono, na sababu yangu ni bibi. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu miaka yote niliyomjua, nikadhani ndiyo rangi ya macho ya bibi. Alipikia kuni ndani ya jiko la makuti lisilo na dirisha. Takwimu ambayo serikali yenyewe imekuwa ikiitaja ni kwamba zaidi ya watu 33,000 hufa kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kupikia. Wengi wao ni wanawake, na hakuna anayeandika "moshi" kwenye cheti cha kifo. Rais Samia alipoitisha kongamano la kwanza Novemba 2022, kisha mkakati wa taifa ukazinduliwa Mei 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, nilifurahi kama nilivyofurahi kwenye ngonjera. Wiki iliyofuata alikuwa Paris akiongoza pamoja na wenzake mkutano wa dunia kuhusu jambo hilo, na zikaahidiwa dola bilioni 2.2.

Kinachonikwaza ni neno "safi". Ni safi kwa kifua cha mpishi, sawa, hilo halina ubishi. Lakini propani ni mafuta ya ardhini kama petroli, na ikiisha imeisha. Mti ukikatwa na ukaachwa unaweza kuota. Tumelibebesha neno moja mizigo miwili, na tukishalitamka hatuulizi tena kitu kinatoka wapi wala kitaisha lini. Wapo watakaonijibu kwamba hata kwa hesabu ya hewa ya ukaa, mti uliokatwa usiote tena ni mbaya kuliko gesi. Nakubali. Kwa mti usioota tena.

Halafu kuna mitungi ya gesi inayogawiwa na viongozi. Mnajua ninachosema. Mama lishe wamepangwa mstari, mitungi midogo ya kilo 6 imepangwa mstari, picha, makofi. Kuna pia ile ya ruzuku iliyopelekwa vijijini kwa nusu bei, na hiyo naiona ina maana zaidi. Lakini mtungi ni rahisi kutoa, kazi ni kuujaza. Mama lishe mmoja wa Rangi Tatu ninayekula kwake, mtungi wake wa msaada umekuwa kigoda. Umefunikwa kitambaa cha maua, mteja akizidi anakalia. Nilimuuliza kama gesi ilimshinda. Akasema haikumshinda, alichoshindwa ni kukusanya hela ya kuijaza kwa mkupuo. Mkaa anaununua kila siku kwa hela ya jana. Akipiga hesabu ya mwezi anajua anapoteza, na alinipigia hiyo hesabu kwa vidole haraka kuliko mimi na simu yangu. Ila mwezi haumjii mzima, unamjia siku moja moja.

Serikali zetu zimejaribu kuupiga mkaa marufuku. Mwaka 2006 ulizuiwa kabisa, na katazo lile likadumu kama wiki mbili tu, maana jiji halikuwa na kingine cha kupikia. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kwa kishindo ili kukomesha uchakachuaji, yaani wale waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake jiko la mafuta ya taa, lile la tambi lililomsomesha kila mwanafunzi aliyepanga chumba, likawa anasa, na wengi wakaliacha. Hata kabla ya hapo mkaa ulikuwa unapanda ngazi: Benki ya Dunia iliandika kwamba kati ya 2001 na 2007, kaya za Dar es Salaam zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Nishati hizi ni kama puto lenye maji. Ukibonyeza huku, linatuna kule.

Sasa umeme. Najua kuna msomaji anapiga kelele tangu aya ya tatu: kwa nini hampikii umeme?

Nimejaribu. Mfanyakazi mwenzangu aliniazima sufuria yake ya presha ya umeme kwa wiki moja. Nikafanya kama mwanasayansi: nikasoma uniti za LUKU, nikatia nusu kilo ya maharage makavu, sikuyaroweka, nikafunga, nikaondoka kwenda kufua. Yalipoiva nikasoma tena. Haikuisha hata uniti moja. Nikarudia kesho yake kwa sababu sikuamini, nikapata vilevile. Uniti kwangu haifiki shilingi 400. Kwa mkaa, maharage hayo yanakula makopo mawili na nafasi ya kuchungulia kila dakika kumi. Kwa hiyo, kwa mahesabu ya jikoni kwangu, moto rahisi kuliko yote ndio ule ambao mtaa mzima unaapa kwamba ni ghali.

Sijanunua yangu bado. Bei yake ni mitungi kadhaa ya gesi. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, maharage hayasubiri. Na kuna wale majirani walio kwenye tarifu ya chini, wanaouziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Hao hawawezi kukusikiliza. Wanazilinda zile 75 kama mboni ya jicho, pasi yenyewe wanaazima.

Umeme nao una deni lake. Ulipokuwa unatoka zaidi kwenye gesi ya Songo Songo na Mtwara, tulikuwa tunachoma kisichorudi. Mwishoni mwa 2023 mgao ulitubana kweli kweli, mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari 2024. Bwawa hilo, megawati 2,115 kwa mitambo tisa, ni fahari, na sitajifanya sikupiga vigelegele mgao ulipokwisha. Lakini liko kwenye mto Rufiji, ndani ya lililokuwa Pori la Akiba Selous, ambalo ni urithi wa dunia tangu 1982. Mwaka 2018 Wakala wa Huduma za Misitu ulitangaza zabuni ya kuuza miti zaidi ya milioni 2.6 iliyokuwa kwenye eneo litakalofunikwa na maji. Watetezi wa mradi walisema ni sehemu ndogo ya pori, na kwamba umeme wa uhakika utaokoa misitu mingine kwa kuwatoa watu kwenye mkaa. Huenda. Ila ahadi hiyo inatimia jikoni kwangu na kwa majirani, na sisi bado tunaogopa uniti 75. Miti ya Selous imeshalipa, maharage bado yako kwenye mkaa.

Nikiwa hapo hapo nimkumbuke chura wa Kihansi, maana tunamcheka sana na hatustahili. Ni chura mdogo wa njano, anaenea kwenye ukucha wa kidole gumba, hatagi mayai, anazaa watoto. Dunia nzima alikuwa akiishi sehemu moja tu, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, safu za Udzungwa, eneo la hekta mbili hivi. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati bwawa la umeme la megawati 180 linajengwa. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 wakachukuliwa 499 kupelekwa Marekani kufugwa. Waliobaki wakawekewa mabomba ya kunyunyiza maji, wakaongezeka, halafu mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, ugonjwa wa kuvu ukishukiwa, na mwaka 2009 wakatangazwa kwamba wametoweka porini. Kuanzia 2012 wazao wa wale wa Marekani walirudishwa bondeni kwao. Kila ikitajwa gharama yake watu huuliza, vyura? Hela zote hizo, vyura? Mimi nikiwasha taa huwa nafikiri kwamba yule kiumbe alinyang'anywa mvua yake ili mimi nione kuchambua mchele.

Kuhusu bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda mpaka Chongoleani, Tanga, nitasema kidogo tu. Kilomita 1,443, nyingi zikiwa kwetu. Mafuta yale ni mazito, lazima yapashwe joto njia nzima yasigande, na baadhi ya visima vyake viko ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls. Yatapita mashambani kwa watu yakiwa ya moto, yatapakiwa melini, na sisi tutaendelea kuagiza dizeli na gesi ya mtungi kutoka nje. Jirani yangu wa Newala bado sijamweleza hili.

Aliyenitibua kabisa mawazo, lakini, ni mjomba.

Mjomba wangu ni mchoma mkaa wilayani Kilosa. Nilikwenda kwake mara ya kwanza nikiwa na miaka kama kumi, likizo ya Juni, na usiku mmoja nikaruhusiwa kulala porini kwenye tanuri. Sijasahau. Magogo yamepangwa, yamezibwa nyasi, juu yake udongo, kama kaburi la jitu. Limewashwa upande mmoja na linaungua ndani kwa ndani kwa siku nyingi. Mchomaji halali usingizi wa kweli. Anasikiliza. Udongo ukibonyea mahali, ukatoboka, hewa inaingia, na kazi ya wiki mbili inageuka jivu kabla ya alfajiri. Mjomba alikuwa akiinuka kila baada ya muda na koleo, anaziba, anarudi kukaa. Moshi ulipokuwa mweupe mzito alisema bado ni maji ya mti. Ulipoanza kuwa wa buluu mwembamba akasema, sasa. Zamani zile alikuwa mwizi kisheria. Wakisikia pikipiki ya maliasili wanaacha kila kitu na kukimbia, na mkaa unaoachwa ukitaifishwa, wanakata miti mingine. Hakuna aliyechagua mti. Unakata ulio karibu na njia ya kukimbilia.

Kuanzia 2012 kikaja kwenye vijiji kadhaa vya Kilosa kitu tofauti, mradi wa mkaa endelevu wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa msaada wa Uswisi. Kijiji kinapima msitu wake, kinatenga sehemu moja tu kwa ajili ya mkaa, na sehemu hiyo inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50 kama bao la drafti. Unavuna kimoja, cha pembeni unakiruka. Kando ya mito na kwenye miteremko mikali hugusi. Kisiki unakiacha. Kitalu kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24 ndipo kivunwe tena. Kila gunia linalipiwa ushuru kijijini, kwa stakabadhi, na hela inajenga madarasa, inachimba visima.

Nilikuwa na mashaka. Mimi ni mtoto wa "Kata mti, panda miti", na hapa hawapandi hata mti mmoja. Mwaka juzi nilikwenda msibani huko na mjomba akanipeleka kwenye kitalu alichovuna mwaka 2014. Nilitarajia uwanja. Nilikuta kichaka ambacho sikuweza kuona upande wa pili. Miyombo, miti ya asili ya misitu hii, haihitaji kupandwa, mjomba alisema; mizizi iko chini, inasubiri uiache tu. Kila kisiki kimetoa machipukizi matano, sita, mengine yamenizidi urefu mara mbili. Akashika moja, akalitikisa kama anavyomtikisa bega mjukuu aliyekua ghafla.

Kisha tukavuka barabara. Ng'ambo si msitu wa kijiji, hakuna mpango wowote. Ufuta mpaka mwisho wa macho. Hapo napo palikuwa miyombo, na mkaa ulichomwa, lakini mkaa ulikuwa makombo ya kusafisha shamba. Visiki vimeng'olewa na kuchomwa moto. Takwimu za nchi zinasema tunapoteza zaidi ya hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na mwaka mzima tunamwelekezea kidole mchoma mkaa. Kumbe mwenye jembe ndiye anayemaliza, kwa sababu shamba haliachi kisiki. Na simlaumu mwenye jembe. Ufuta unalipa, na watoto wake wanasoma pia. Ninachosema ni kwamba upande huu wa barabara msitu umesimama kwa sababu una mnunuzi. Mnunuzi ni mimi na pilau langu.

Tukarudi kukaa kwenye kivuli. Nikamweleza habari za mkakati, asilimia 80, mwaka 2034. Alisikiliza vizuri. Anaipenda habari ya moshi kupungua, mkewe naye anakohoa. Kisha akaniuliza kitalu chake cha 2014 kitaiva mwaka gani. Nikajumlisha: 2038.

"Mwaka huo Dar mtakuwa mnapikia nini?"

"Gesi, mjomba. Na umeme."

"Gesi ya Mtwara?"

"Hapana. Ya nje."

Akachukua kijiti, akachora kitu mchangani, akakifuta kwa mguu. Hakuonekana kukasirika.

"Haya. Mimi nitakuwa nimeshakufa, si neno. Lakini hawa," akaelekeza kidevu upande wa ufuta, "mwaka huo wakija serikali ya kijiji kuuomba huu msitu walime, na mkaa hauna soko, kijiji kitawajibu nini?"

Nikamwambia nitauliza.